Mto São Francisco Unapungulia Juu, Si Kwenye Mifereji

Anayeitazama ramani ya Brazil kwa mara ya kwanza huvutwa na Amazon, na ana haki, kwa kuwa hakuna mto duniani unaobeba maji mengi kuliko ule. Lakini mto ambao maisha ya Wabrazili wa bara yamefungamana nao kwa karne nyingi uko mashariki zaidi, nao ni São Francisco. Wakazi wa kingo zake huuita Velho Chico, yaani Mzee Chico, kwa heshima na mapenzi ya mtu anayemtaja babu yake. Urefu wake unakaribia kilomita 2,800, bonde lake lina kilomita za mraba zipatazo 640,000, na tangu chemchemi yake ya kwanza hadi baharini haugusi ardhi ya nchi nyingine yoyote. Kwa miaka mingi mjadala kuhusu mto huu umetawaliwa na mradi mmoja, ule wa mifereji inayohamisha maji yake kuyapeleka majimbo makavu ya kaskazini-mashariki. Wanaoupinga wanasema mifereji itaumaliza mto, na wanaoutetea wanasema kinachochukuliwa ni kiasi kidogo mno. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeuangalia mto mahali pasipostahili. Ukiufuata mkondo wake kutoka juu hadi chini, na kila mahali ukauliza maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, utaona kwamba uhai wa São Francisco unaamuliwa mbali sana juu ya mifereji hiyo, katika nyanda za juu za Minas Gerais na magharibi mwa Bahia.

Chanzo kinachotambuliwa kimapokeo kiko katika milima ya Serra da Canastra, eneo la São Roque de Minas, kusini-magharibi mwa jimbo la Minas Gerais. Maji huanza kwa chemchemi zinazotoka kwenye uwanda wa nyasi ulio zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hukusanyika kuwa kijito, kisha huruka ukingo wa mlima kwenye maporomoko ya Casca d'Anta yenye urefu wa takriban mita 186. Mwaka 2002 wapimaji wa serikali walihitimisha kwamba tawi refu zaidi kijiografia ni lile la mto Samburá, lenye chanzo katika eneo jirani la Medeiros, lakini Canastra, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1972, imeendelea kupewa heshima ya chanzo, na sioni ubaya wowote. La kutazama zaidi ni mahali milima hiyo ilipo. Kutoka Canastra hadi pwani ya Atlantiki ya kusini-mashariki ni chini ya kilomita 500 kwa mstari mnyoofu. Mto ungeweza kufika baharini kwa safari fupi, lakini badala yake unaipa bahari mgongo na kuelekea kaskazini kwa umbali mrefu, ukiingia ndani ya nchi isiyo na mvua ya kutosha.

Sababu ya safari hiyo imo ndani ya miamba. Upande wa mashariki umezuiwa na safu ya milima ya Espinhaço, inayonyooka kutoka kusini kwenda kaskazini kupitia Minas Gerais hadi Bahia, nao mto hutiririka sambamba nayo juu ya pande la mwamba mkongwe sana ambalo wanajiolojia wameliita kwa jina la mto wenyewe. Pande hilo halikuwa peke yake zamani. Kabla Atlantiki ya Kusini haijafunguka, mwamba wa São Francisco na ule mkubwa wa Kongo ulio chini ya Afrika ya Kati vilikuwa kitu kimoja, na bado wataalamu huvitaja pamoja wanapoeleza historia ya mabara haya mawili. Msomaji wa Lubumbashi au Kisangani anayesoma habari za mto huu anasoma, kwa namna ya kweli kabisa, habari za upande wa pili wa ardhi yake mwenyewe.

Katika sehemu yake ya juu, kutoka Canastra hadi mji wa Pirapora, mto hukusanya nguvu haraka. Unapokea mito ya Pará na Paraopeba, unaingia katika bwawa la Três Marias lililoanza kufua umeme mwaka 1962, kisha chini ya Pirapora unapokea Rio das Velhas, ambao vyanzo vyake viko karibu na Ouro Preto, mji wa dhahabu wa karne ya 18, na ambao hupita kando ya jiji kubwa kuliko yote katika bonde zima, Belo Horizonte. Hapa ndipo mvua ilipo. Sehemu za juu hupata milimita 1,500 na zaidi kwa mwaka, wakati maeneo makavu ya katikati ya safari hupata 400 au 500 tu. Jimbo la Minas Gerais lina kiasi kidogo zaidi ya theluthi moja ya eneo la bonde, lakini huchangia takriban asilimia 70 ya maji yote ya mto. Takwimu hiyo ingefaa iwe ya kwanza kutajwa kila mara mto huu unapojadiliwa, lakini kwa kawaida hutajwa mwishoni au haitajwi kabisa.

Kwa sababu hiyo pia, uchafu wa juu ni mzito kuliko uchafu wa chini. Tarehe 25 Januari 2019, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa chuma ulipasuka Brumadinho, ukaua watu 270 na kumwaga tope katika mto Paraopeba. Bwawa la umeme la Retiro Baixo lilizuia sehemu kubwa ya tope hilo kabla halijafika Três Marias, na kwa wiki kadhaa watu wa Pernambuco na Alagoas, walio zaidi ya kilomita 1,000 chini ya hapo, walifuatilia habari za Paraopeba kwa hofu ya kweli. Ilikuwa mara chache ambapo watu wa mlangoni mwa mto na watu wa vyanzoni mwake walijiona kuwa wanaishi kwenye bonde moja.

Kuanzia Pirapora mto hutulia na kupanuka. Kutoka hapo hadi miji pacha ya Juazeiro na Petrolina ni kilomita 1,371 za maji ambayo kwa vizazi kadhaa yalikuwa barabara kuu ya bara, yakipitwa na majahazi na meli za mvuke zilizobeba chumvi, ngozi, pamba na abiria. Mojawapo ya meli hizo, Benjamim Guimarães, iliyojengwa Marekani mwaka 1913, imehifadhiwa Pirapora hadi leo. Mwenye majahazi aliweka mbele ya chombo chake sanamu ya mbao yenye uso wa mnyama mkali, meno wazi na manyoya ya shingo, ili ifukuze pepo wabaya wa mtoni. Kati ya miaka ya 1852 na 1854 mhandisi Heinrich Halfeld aliteremka kutoka Pirapora hadi baharini kwa amri ya Mfalme Dom Pedro II, akipima na kuchora kila kipande cha njia, na ramani zake bado zinathaminiwa. Mwaka 1867 akapita Mwingereza Richard Burton, yule yule aliyefika Ujiji mwaka 1858 akitokea Unguja. Safari hii alishuka kwa chombo cha mto kupitia Rio das Velhas hadi kwenye maporomoko ya Paulo Afonso.

Katika kilomita hizo za kati ndipo penye jambo ninalotaka msomaji alishike. Mito inayoingia kutoka ukingo wa kushoto, yaani upande wa magharibi, ndiyo inayoutegemeza mto: Paracatu, Urucuia, Carinhanha, Corrente na Grande. Mito mingi ya ukingo wa kulia hupungua sana kiangazi, na kadiri unavyozidi kuteremka ndivyo inavyozidi kuwa mabonde ya mchanga yasiyo na maji kwa miezi. Tofauti hii haitokani na mvua peke yake. Chini ya nyanda za magharibi umelala mwamba wa mchanga uitwao Urucuia, wenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100,000, sehemu yake kubwa ikiwa Bahia. Mwamba huo hunywa maji ya mvua kuanzia Novemba hadi Machi, huyahifadhi, kisha huyaachia polepole kupitia chemchemi na vitanda vya mito wakati wote wa kiangazi. Mwezi wa Septemba, wakati hakuna wingu angani kuanzia Januária hadi Juazeiro, sehemu kubwa ya maji yanayopita mbele ya mji wa Bom Jesus da Lapa, ambako mahujaji wamekuwa wakisali pangoni tangu mwisho wa karne ya 17, ni mvua ya misimu iliyopita iliyotunzwa ardhini.

Baada ya mji wa Barra, pale Rio Grande unapoungana nao, mto hupita kando ya milima ya mchanga ya kale kwenye ukingo wa kushoto, mahali pakavu penye aina za mijusi na nyoka ambazo baadhi yake hazipatikani kwingine duniani. Wako wanasayansi waliotoa hoja kwamba zamani, hali ya hewa ilipokuwa kavu zaidi, mto uliishia hapo hapo katika ziwa la ndani bila kufika baharini. Iwe hivyo au vinginevyo, mchanga ule unatukumbusha kwamba kuvuka eneo hili ni jambo gumu hata kwa mto mkubwa, na kwamba unavuka kwa akiba uliyokuja nayo, maana hapa hauongezewi kitu.

Akiba hiyo sasa hushikiliwa na Sobradinho. Bwawa hilo lilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1970, na ziwa lake likijaa lina eneo la kilomita za mraba 4,214, urefu unaozidi kilomita 300 na uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo bilioni 34. Miji minne ya kale, yaani Remanso, Casa Nova, Sento Sé na Pilão Arcado, ilifunikwa na maji na kujengwa upya mahali pengine kwa majina yale yale. Watu kati ya 60,000 na 70,000 walihamishwa. Serikali iliwatengea makazi Serra do Ramalho, karibu na Bom Jesus da Lapa, mamia ya kilomita juu ya mto, lakini wengi walikataa kwenda, wakabaki kando ya ziwa jipya. Ni rahisi kuelewa kwa nini walikataa ukijua walivyokuwa wakilima. Kila mwaka mafuriko yaliposhuka, kuanzia mwezi wa Aprili, mto uliacha tope lenye rutuba kwenye kingo na visiwa, na mkulima alifuata maji yanavyorudi nyuma, akipanda maharage, mahindi, mihogo, viazi vitamu na maboga kwenye ardhi mbichi bila mbolea na bila mvua. Ni kilimo kile kile ambacho Warufiji hukiita mlau. Ziwa halina utaratibu huo. Kina chake hupanda na kushuka kwa mahitaji ya umeme, na aliyepanda leo anaweza kukuta shamba lake limezama kabla ya kuvuna.

Kuna hasara nyingine ya Sobradinho isiyozungumzwa vya kutosha, nayo inahesabika kwa urahisi. Katika eneo lile jua huvukiza zaidi ya mita mbili za maji kwa mwaka. Ukitoa mvua kidogo inayorudi, chukua hasara halisi ya mita moja na nusu, na chukua ziwa lililojaa kiasi, lenye kilomita za mraba 3,000. Utapata mita za ujazo bilioni 4.5 kwa mwaka, ambazo ni sawa na mita za ujazo zipatazo 140 katika kila sekunde, zinazopaa angani bila kunywesha mtu wala kumwagilia mche. Naomba msomaji aikumbuke namba hiyo tukifika kwenye mifereji.

Chini ya bwawa ziko Juazeiro ya Bahia na Petrolina ya Pernambuco, zikitazamana kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Hapa ukavu umegeuzwa kuwa mtaji. Kwa kuwa mvua haiji bila kuitwa, mkulima ndiye anayeamua mti wake uone kiangazi lini na masika lini. Mwembe hunyimwa maji hadi uache kuchipua majani, hupewa dawa ya kuzuia ukuaji, kisha hunyunyiziwa naitreti na kurudishiwa maji, na hapo hutoa maua katika mwezi uliokusudiwa, wakati masoko ya Ulaya na Marekani hayana maembe ya kwingine. Mizabibu nayo hupogolewa kwa ratiba na kuvunwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, jambo lisilowezekana katika nchi zenye baridi. Shirika la serikali la Codevasf, lililoundwa mwaka 1974, ndilo lililojenga sehemu kubwa ya miundombinu ya skimu hizo. Siyabezi mafanikio hayo. Maelfu ya familia hula kutokana nayo. Lakini yanathibitisha pia kwamba umwagiliaji, ambao huchukua zaidi ya robo tatu ya maji yote yanayochotwa katika bonde hili, ndiye mtumiaji ambaye kila mpango wa mto unapaswa kuanza naye.

Kutoka Petrolina mto huendelea kaskazini-mashariki hadi karibu na Cabrobó, ambako hufanya kiwiko na kuanza kuteremka kusini-mashariki kuelekea bahari. Kiwiko hicho ndicho mahali mto unapoyakaribia zaidi majimbo ya Ceará, Paraíba na Rio Grande do Norte, ambayo hayana mto hata mmoja mkubwa usiokauka kwa asili. Ndiyo maana wazo la kuyavusha maji kutoka hapa lilianza kuzungumzwa tangu enzi za Dom Pedro II, katikati ya karne ya 19. Ujenzi ulianza mwaka 2007. Mfereji wa kaskazini huchota maji Cabrobó na kuyapandisha karibu mita 180 kwa vituo vitatu vya pampu. Ule wa mashariki huchota katika bwawa la Itaparica na kuyapandisha zaidi ya mita 300 kwa vituo sita. Kwa jumla ni kilomita 477 za mifereji, mahandaki na mabwawa madogo. Maji ya mashariki yalifika Monteiro, Paraíba, Machi 2017, na kuinusuru Campina Grande, jiji la watu wapatao 400,000 lililokuwa katika mgao wa maji tangu mwaka 2014. Maji ya kaskazini yaliingia Ceará Juni 2020.

Mtu aliyeupinga mradi huu kwa gharama kubwa kuliko wote ni Luiz Cappio, aliyekuwa askofu Mkatoliki wa Barra, aliyefunga kula mwaka 2005 huko Cabrobó na tena mwaka 2007 huko Sobradinho. Alidai mto ufufuliwe kwanza kabla ya kuchotwa zaidi, na alikuwa na wasiwasi kwamba maji yangeishia kwa wakulima wakubwa badala ya maskini waliotajwa kwenye hotuba. Naamini katika dai lake la kwanza alikuwa sahihi kuliko hata wafuasi wake walivyoelewa, kwa sababu wengi wao walibaki na mfereji wakasahau ufufuaji. Kibali cha mradi kinaruhusu kuchota mita za ujazo 26.4 kwa sekunde wakati wote, na hadi 127 pale tu Sobradinho inapokuwa imejaa. Wastani wa mto kihistoria ni takriban mita za ujazo 2,800 kwa sekunde. Kiasi cha kudumu cha mifereji ni chini ya asilimia moja ya hicho, na ni chini ya theluthi moja ya kile ambacho jua linakichukua juu ya Sobradinho. Kiasi hicho hakiui mto wenye afya, na kwa mtu wa Campina Grande ni maji ya kunywa. Swali ni kama mto utaendelea kuwa na afya ya kuutoa.

Chini ya Itaparica, ambayo nayo ilizamisha Petrolândia, Rodelas na Itacuruba ilipojazwa mwaka 1988, ardhi huporomoka. Maporomoko ya Paulo Afonso, yaliyozuriwa na mfalme mwaka 1859, yaliangusha mto mzima kwa takriban mita 80 ndani ya korongo la mawe. Mwaka 1913 mfanyabiashara Delmiro Gouveia aliweka hapo Angiquinho, mtambo wa kwanza wa kufua umeme wa maji kaskazini-mashariki mwa Brazil. Kampuni ya umma ya Chesf ikafuata kwa mitambo ya Paulo Afonso kuanzia miaka ya 1950, na mwaka 1994 ikawasha Xingó, yenye uwezo wa megawati 3,162. Maporomoko yenyewe leo ni ukuta wa mawe makavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa kuwa maji yote hupitishwa kwenye mitambo. Huonekana tu mafuriko yanapolazimisha milango kufunguliwa, kama ilivyotokea mwaka 2022, na watu husafiri kwenda kuyatazama.

Kutoka Xingó hadi baharini ndiyo sehemu ya chini, mpaka wa Alagoas na Sergipe, yenye miji ya kale kama Penedo. Kila mradi wa juu hulipiwa hapa. Zamani mafuriko yalijaza mabonde ya kandokando, samaki wakazaliana humo, na maji yalipotulia watu wakapanda mpunga. Mabwawa yalipolainisha mtiririko, mabonde yale hayakufurika tena, na samaki wanaohama kupanda mto wakakuta kuta za zege. Pirá, samaki asiyepatikana katika mto mwingine wowote, ametoweka karibu kabisa katika sehemu hii. Mashapo yaliyokuwa yakiijenga delta yamebaki chini ya maziwa ya umeme, na bahari, isiposukumwa, huingia ndani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikimeza kijiji cha Cabeço, upande wa Sergipe. Mnara wake wa taa, uliojengwa nchi kavu, ulibaki umesimama ndani ya maji, na wakazi wakahamishiwa Saramém. Upande wa pili, Piaçabuçu, bahari inapojaa na mto ukiwa dhaifu, maji ya bomba hugeuka kuwa na chumvi.

Udhaifu huo ulionekana wazi katika ukame uliodumu kuanzia mwaka 2012 hadi 2017. Kanuni ya zamani ilitaka Sobradinho itoe angalau mita za ujazo 1,300 kwa sekunde. Tangu 2013 kiwango hicho kilipunguzwa hatua kwa hatua, hadi kufikia 550 mwaka 2017, na ziwa likabakiwa na chini ya asilimia 5 ya ujazo wake wa matumizi. Mfereji wa kaskazini haukuwa umewashwa, na ule wa mashariki ulianza ukame ukielekea ukingoni. Kwa hiyo mifereji haiwezi kulaumiwa. Mvua ilikuwa chache, hilo ni kweli, lakini mito ya ukingo wa kushoto iliyokuwa ikivusha mto katika miaka mibaya nayo ilikuwa imepungua.

Sababu moja iko juu ya mwamba wa Urucuia. Tangu miaka ya 1980 nyanda za Barreiras na za mji unaoitwa leo Luís Eduardo Magalhães zimesafishwa uoto wake wa asili, miti mifupi yenye mizizi mirefu, na kupandwa soya, pamba na mahindi. Mashamba ya kumwagiliwa yanaonekana kwenye picha za setilaiti kama duara zilizopangana, kila moja ikizungukwa na mtambo wa mabomba yenye magurudumu unaotegemea kisima kirefu au pampu ya mtoni. Kisima kinachochimbwa kilomita kadhaa kutoka mtoni hakionekani kuuchukulia mto kitu, lakini kinachota maji yale yale ambayo yangetokea kwenye chemchemi miezi au miaka baadaye. Novemba 2017, umati wa wakazi wa Correntina uliingia katika shamba kubwa lililokuwa likichota maji ya mto Arrojado na kuharibu mitambo, na siku chache baadaye maelfu wakaandamana mjini. Uharibifu wa mali siuungi mkono, lakini nauelewa woga uliouzaa: walikuwa wakiona mito midogo ikikatika, na hakuna ofisi iliyokuwa na jibu.

Ofisi haina jibu kwa sababu sheria imeukata mto vipande viwili. Katiba ya mwaka 1988 inaupa Muungano, yaani serikali ya taifa, mito inayovuka majimbo, na inayapa majimbo maji ya chini ya ardhi. Sheria ya maji ya mwaka 1997 inasema bonde ndilo kipimo cha mipango, na kwamba uhaba ukija, watu na mifugo hutangulizwa. Kamati ya bonde la São Francisco iliundwa mwaka 2001 kwa msingi huo, ikiwakutanisha serikali, watumiaji na wananchi. Lakini kibali cha kuchota Sobradinho hutolewa na mamlaka ya taifa, na kibali cha kisima Barreiras hutolewa na jimbo la Bahia, kama kwamba ni maji mawili tofauti. Mlango mmoja unalindwa na mwingine uko wazi, na ulio wazi ndio ulio karibu zaidi na chanzo.

Kwa hiyo nguvu iliyotumika kugombana kuhusu mita za ujazo 26 ielekezwe huko. Majimbo ya Bahia na Minas Gerais yakubali daftari moja na mamlaka ya taifa, ambamo kila kisima kikubwa juu ya Urucuia kinahesabiwa kuwa sehemu ya mto. Maeneo ambayo mvua huingilia ardhini yawekewe mipaka ya kusafishwa, na vibali vipya vya visima visimamishwe kila kina cha maji ardhini kinaposhuka chini ya kiwango kilichokubaliwa na kamati ya bonde. Wakulima wakubwa watasema ni mzigo, na ni kweli ni mzigo. Lakini mkulima wa mpunga wa Alagoas na mwenye bomba la chumvi Piaçabuçu wamekuwa wakiubeba kwa niaba yao kwa zaidi ya miaka 40 bila kuulizwa, na jiji la Campina Grande, ambalo sasa linakunywa kutoka mto huu, limejiunga na orodha ya wale ambao maji yao yanategemea kibali kinachosainiwa mahali wasipokuwa na kura.